Simile! Haki ya Mwenye Miguu kwa Mwenye Magurudumu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewatandikia waja wake ardhi na kuwafungulia ndani yake njia pana za kupita. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na aali zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Barua iliyo mbele yangu wiki hii imetoka Manyatta, jijini Kisumu, kwa mama mmoja mzaliwa wa Pwani aliyeolewa huko bara. Ameomba jina lake lisitajwe. Anaeleza kwamba mwanawe wa miaka 7 alikuwa akirudi kutoka madrasa baada ya Alasiri, akitembea pamoja na dadake katika kijia kimoja kipitacho baina ya nyumba. Kijana mwenye baiskeli iliyopakiwa mitungi ya maji akatokea nyuma yao. Mtoto akasogea upande kukwepa dimbwi la tope, na baiskeli ikawa imekwisha kufika. Mtoto akavunjika mtulinga. Yule kijana alisimama, akampa mama pole, akasema kwamba hayo ni kadari ya Mungu, kisha akaifunga mitungi yake upya na kwenda zake. Majirani nao wakamwambia mama: samehe, hakukusudia.

Mama huyu anauliza mambo matatu. Katika njia nyembamba wanayoishiriki wenye miguu na wenye magurudumu, ni nani mwenye haki ya kutangulizwa? Je, mzazi naye ana lawama? Na mtu aliyedhuru bila kukusudia, je, amebakiwa na deni lolote mbele ya Mungu na mbele ya aliyedhuriwa? Ni maswali mazito kuliko yanavyoonekana, na jibu lake linawahusu watu wa Lamu, Mombasa na Malindi sawasawa na watu wa Kisumu.

Kwa wasomaji wasiofika huko, Manyatta ni mtaa mkubwa ulio mashariki mwa kitovu cha jiji, jirani na Kondele, nao umegawanywa Manyatta A na Manyatta B. Sehemu kubwa ya mtaa huo ilijengeka nyumba kwa nyumba pasipo mpango wa barabara, na kwa hivyo njia zake nyingi ni vijia ambavyo watu wameviacha baina ya kuta zao. Katika kijia kimoja hupita mama anayekwenda soko la Kibuye, mwanafunzi, mgonjwa anayepelekwa hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, mkokoteni, pikipiki na baiskeli. Mvua za Kisumu hupenda kunyesha alasiri, na zikinyesha, maji hujaa pembeni, tope hutanda, na ile njia iliyokuwa ya watu wanne huwa ya watu wawili. Njia pana za waenda kwa miguu zilizotengenezwa katikati ya jiji kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022 ni neema ya kushukuriwa, lakini hazikuingia vijiani. Huku vijiani hakuna mstari uliochorwa wala askari anayesimama. Kilichobaki cha kumlinda mtu ni tabia ya mwenziwe.

Tusimdhulumu mwenye baiskeli pia. Baiskeli, ambayo Wajaluo huiita ndiga, imewalisha watu wengi katika mwambao wa ziwa. Hata jina la bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli: huko Busia, katika mpaka wa Kenya na Uganda, vijana walipakia abiria kwenye keria na kuwavusha kutoka mpaka hadi mpaka, kazi iliyoanza katika miaka ya 1960. Kutoka huko ilienea hadi Kisumu na miji mingine, mpaka serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mnamo 2008 na pikipiki zikachukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Waliobaki na baiskeli mara nyingi ni wale wasioweza kununua pikipiki: mbeba maji, mchuuzi wa samaki, muuza mkate wa asubuhi, mwalimu, mwanafunzi. Kijana aliyemgonga mtoto wa mama yetu alikuwa akitafuta riziki ya halali. Hilo ni jambo la kuheshimiwa, na ndilo litupasalo kumfundisha kwa upole. Lakini uhalali wa riziki haumhalalishii mtu kuvunja mfupa wa mwenziwe.

Swali la kwanza: ni nani wa kutangulizwa? Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyepanda ndiye amsalimiaye anayetembea, anayetembea amsalimie aliyekaa, na wachache wawasalimie wengi. Watu wengi huisoma hadithi hii kama mlango wa adabu za maamkizi, wakaishia hapo. Hebu tuitazame kwa macho ya mtu aliye njiani. Kwa nini wajibu wa kuanza ukawekwa juu ya aliyepanda? Wanazuoni waliofafanua hadithi hii wamesema kwamba aliyepanda amezidishiwa kitu juu ya mwenye miguu, na moyo wa aliye juu ni mwepesi kuingiwa na kiburi, kwa hivyo akaamrishwa anyenyekee kwa kuanza yeye. Na salamu ni nini? Ni ahadi ya amani. Anayekuambia assalamu alaykum anakutangazia kwamba hakuna baya litakalokufika kutoka kwake. Basi mwenye nguvu ya kudhuru ndiye atangulize ahadi ya kutodhuru, na mnyonge aisikie kabla hajafikiwa. Salamu na usalama ni maneno ya mzizi mmoja, na katika njia nyembamba ni jambo moja.

Wazee wetu wa Pwani waliijua maana hii bila kuandikiwa kibao. Katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa na katika mitaa ya Lamu, ambako punda na binadamu wamepishana kwa karne nyingi, hamali mwenye mzigo hupaza sauti: Simile! Simile! Watu husogea ukutani, naye hupita akishukuru. Wataalamu wa lugha wanalinasibisha neno hili na bismillahi. Tazameni uzuri wake, ndugu zangu: mtu anayeomba njia anaiomba kwa jina la Mwenyezi Mungu. Na aliyetanguliza jina la Mungu mdomoni hawezi kisha kumsukuma kikongwe kwa gurudumu, wala kumtukana mama kwa kuchelewa kusogea. Simile ni ombi. Mwenye kuomba husubiri apewe.

Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni hili: haki ya njia ni ya wote, lakini haki ya kutangulizwa ni ya yule ambaye akigongwa ndiye atakayeumia. Mwenye gari amtangulize mwenye pikipiki, mwenye pikipiki amtangulize mwenye baiskeli, na mwenye baiskeli amtangulize mwenye miguu. Na katika wenye miguu, atangulizwe mtoto, mzee, mja mzito, kipofu na mwenye mzigo kichwani.

Tusidhani kwamba baiskeli ni chombo chepesi kisichoweza kuleta msiba. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20. Baiskeli iliyobeba mitungi mitano ina kilo 100 za maji peke yake, kabla hatujahesabu chuma chake na mwili wa anayeiendesha. Anayekwenda kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao kijana mwenye nguvu huuona mdogo, anapita zaidi ya mita 4 kila sekunde. Binadamu akiona hatari huhitaji sekunde moja au zaidi ili mkono wake ushike breki. Maana yake ni kwamba baiskeli imekwisha kumfikia mtoto aliye mita 4 mbele kabla breki haijaanza hata kushika, na breki za mpira juu ya chuma kilichorowa mvua hushika kwa shida. Ndiyo sababu kengele inayopigwa mgongoni pa mtu haina faida yoyote ila kumshtua, na aliyeshtuka huruka upande asioujua. Kengele hupigwa mapema, umbali wa hatua 10 au 15, kisha mpandaji hupunguza mwendo na kungoja aone kwamba amesikika. Asiyesikika na asimame. Huenda aliye mbele yake ni kiziwi, au ni mzee, au ni mama aliyezama katika fikra za mgonjwa wake.

Mwendo wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe ni mwongozo wetu. Alipoondoka Arafa katika Hija ya kuaga, na umati mkubwa umemzunguka, alisikia nyuma yake makelele na vishindo vya watu wakiwaharakisha ngamia wao. Akawaashiria watulie, na akawafahamisha kwamba wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Na Usama bin Zayd, aliyekuwa amepakiwa nyuma yake siku ile, ameeleza kwamba Mtume alikwenda mwendo wa wastani penye watu, na alipopata uwazi aliongeza mwendo. Hakuna kanuni ya kijia cha Manyatta iliyo bora kuliko hii. Penye watu, nenda mwendo wa watu. Penye uwazi, ongeza. Na panapobanana kabisa, kama mlangoni pa msikiti baada ya Swala ya Ijumaa au sokoni Jumapili, shuka uisukume. Kushuka hakumpunguzii mwanamume heshima yake.

Kuna hadithi nyingine ambayo akina mama wanaipenda, na ina haki ya kukumbushwa hapa. Katika safari moja, kijana aitwaye Anjasha alikuwa akiwaswaga ngamia waliobeba wanawake, na kwa uzuri wa sauti yake ngamia wakazidisha mwendo. Mtume (s.a.w.) akamtaka apunguze, akiwafananisha wale wanawake na vyombo vya kioo. Vijana wanaopakia abiria wana somo kubwa hapa. Mwanamke aliyekaa upande juu ya keria, na mtoto mgongoni, na kapu mkononi, hana mahali imara pa kushika. Kila shimo unaloliruka wewe kwa mchezo yeye hulipokea kwa uti wa mgongo wake.

Hapa nawageukia akina mama wenyewe, kwa sababu yako madhara ambayo yako mikononi mwetu kuyazuia. Buibui, leso na mtandio mrefu huingia kwenye gurudumu na kumvuta mtu chini kabla hajajua kilichompata. Kabla ya kupanda, kusanya nguo yako, uifunge au uikalie, na umwambie mwendeshaji asiondoke mpaka useme tayari. Sitara haipotei kwa nguo kukunjwa vizuri, ila hupotea vibaya mno nguo ikichanwa na gurudumu mbele za watu. Ama mtoto mdogo, asipakiwe kwenye keria miguu ikining'inia. Kisigino cha mtoto kikiingia katikati ya vyuma vyembamba vya gurudumu, hutoka na ngozi imechunika na pengine mfupa umevunjika. Waganga wa hospitali zetu wanalijua jeraha hili vizuri. Fundi wa baiskeli anaweza kufunga kipande cha wavu au bati la kukinga gurudumu na vyuma vya kukanyagia, na bei yake haifiki ile ya kumtibu mtoto mara moja.

Lipo na suala la giza. Kisumu iko karibu sana na ikweta, na mwaka mzima jua lake huzama takriban kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni. Hiyo ndiyo saa ambayo watu hurudi kutoka kazini, na ndiyo saa ambayo sisi hutoka kwenda kuswali Magharibi. Mwanamke aliyevaa buibui jeusi katika kijia kisicho na taa haonekani mpaka afikiwe. Achukue tochi, hata ile ya simu, aielekeze chini mbele yake. Amvishe mtoto kofia nyeupe au kanzu nyeupe. Ashone kitambaa cha kung'aa kwenye mkoba wake. Na mwenye baiskeli asiyekuwa na taa mbele na kitu cha kumeremeta nyuma asiendeshe usiku kijiani, aisukume. Katika mwezi wa Ramadhani, watoto wanapotoka Tarawehe kwa makundi, jambo hili huwa la dharura zaidi.

Swali la pili: je, mzazi na mtembeaji wana lawama? Mtoto wa miaka 7 hana lawama, kwa kuwa kalamu haijaanza kumwandikia. Kukwepa dimbwi ni tabia ya kila mtoto, na anayeendesha penye watoto anapaswa kulitarajia hilo. Lakini sisi wakubwa tuna wajibu wetu, kwani kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto mdogo ashikwe mkono, na awekwe upande wa ukuta, mkubwa akae upande wa magurudumu. Watoto wanaotoka madrasa wafundishwe kwenda wawili wawili na kutofukuzana njiani. Wasichana wanaozungumza wanne kwa safu moja waachie nafasi wasikiapo kengele, na mwenye vipokea sauti masikioni aache sikio moja wazi. Unapotaka kuhama upande, geuza shingo kwanza utazame nyuma. Na ukiombwa njia, itoe kwa uso mkunjufu, kwa sababu salamu ina haki ya kurudishwa.

Mtume (s.a.w.) aliwakataza sahaba zake kukaa njiani. Walipoeleza kwamba hawana budi na vikao vyao, akawaruhusu kwa sharti kwamba waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, akataja kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Kuzuia udhia kumetajwa pamoja na kuinamisha macho, katika pumzi moja. Tunawakemea vijana kwa kuwatazama binti zetu njiani, na ni haki tuwakemee. Je, tunajikemea sisi tunapomwaga maji ya kufulia kijiani mpaka pakateleza? Tunapofunga kamba ya nguo inayomkata mpandaji shingoni? Tunaposogeza jiko la kukaangia samaki, kigoda na beseni, siku baada ya siku, mpaka kijia kikabaki upana wa mtu mmoja? Aliyejenga kibaraza chake ndani ya njia ya umma amechukua kidogo kutoka kwa kila mpita njia, na siku ya hesabu wadai wake watakuwa wengi. Kinyume chake, kuondoa udhia njiani ni sadaka, na ni tawi la imani. Tumesimuliwa habari za mtu aliyeondoa tawi la miiba njiani, Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa tendo hilo na akamsamehe. Kujaza shimo moja la Manyatta kwa kokoto ni kazi ya nusu saa.

Swali la tatu ndilo zito zaidi: asiyekusudia, je, ana deni? Wanazuoni wamelipambanua jambo hili kwa uwazi. Kukosea bila kukusudia huondoa dhambi, lakini hakuondoi dhamana. Haki ya Mwenyezi Mungu husamehewa kwa toba, na haki ya mja hubaki mpaka ilipwe au mwenyewe aisamehe. Katika fiqhi, mwenye kumpanda mnyama huwajibika kwa kile ambacho mnyama huyo amekiharibu akiwa chini yake. Baiskeli haina akili wala miguu yake yenyewe, na kwa hivyo ina udhuru mdogo zaidi kuliko mnyama. Majalla, mkusanyo wa sheria za muamala uliotungwa katika Dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, imeliweka wazi jambo hili: kila mtu ana haki ya kupita katika njia ya umma kwa sharti la usalama, na hamali ambaye mzigo wake umeanguka ukaharibu mali ya mtu atalipa. Kupita ni haki. Kupita salama ndilo sharti lake.

Na kama ajali imeua, Qur'ani Tukufu katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, imemwekea aliyeua kwa kukosea mambo mawili: diya kwa jamaa wa marehemu, ila wakiisamehe wenyewe kama sadaka, na kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi 2 mfululizo. Ndugu yangu unayeendesha, tafakari. Miezi 2 ya saumu isiyokatika, kwa sekunde moja ya haraka! Mwenyezi Mungu hakuiweka kafara hiyo ili kumtesa mtu. Ameiweka ili tujue thamani ya roho, na ili yule aliyesema sikukusudia apate muda mrefu wa kujiuliza kama alijihadhari.

Kwa hivyo yule kijana wa mitungi ana deni. Alitakiwa asimame mpaka mtoto afikishwe hospitali, ajitambulishe, ashiriki gharama ya matibabu kwa kadiri ya uwezo wake, hata kwa kulipa kidogo kidogo, na arudi kumjulia hali mgonjwa. Mama naye ana hiari ya kusamehe machungu yake mwenyewe, na msamaha ni bora kwa mwenye kuuweza. Lakini fidia ya jeraha ni haki ya mtoto, na katika madhehebu yetu ya Shafii mlezi hana ruhusa ya kuigawa bure mali ya mtoto kwa sababu tu ameona haya mbele ya majirani. Kwa hivyo wazee wa pande zote mbili wakutanishwe, wasuluhishe kwa wema. Suluhu ikishindikana, ifahamike kwamba mahakama ya Kadhi nchini Kenya, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Mambo ya ajali hupelekwa polisi na mahakama za kawaida, na kwenda huko kutafuta haki ya mtoto si kukosa subira.

Ama ile kauli ya kadari, inahitaji kuwekwa mahali pake. Kila linalotokea limo katika elimu ya Mwenyezi Mungu, na hilo hatulitilii shaka. Lakini kauli hiyo humpendeza aliyepatwa na msiba anapojiliwaza, na humchukiza Mungu na watu inapotamkwa na aliyeusababisha ili akwepe wajibu. Sayyidna Umar (r.a.) alipokataa kuingia Sham kwa sababu ya tauni, akaulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Breki ni kadari. Kengele ni kadari. Kupunguza mwendo penye watoto ni kadari pia, na mlango wake uko wazi kwa yeyote.

Tusilione jambo hili kuwa la mtaa mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, limehesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaofariki barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hapa Kenya, idadi ya waliofariki barabarani katika miaka ya karibuni imepita 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waenda kwa miguu. Wengi wa hao waliuawa na magari, na baiskeli ina sehemu ndogo. Lakini adabu ya barabara kuu hujifunzwa kijiani. Kijana anayezoea kumpisha bibi kizee akiwa juu ya baiskeli ndiye atakayempisha atakapokuwa na pikipiki, na kesho atakapokuwa dereva wa matatu.

Nina maombi machache kwa familia na kamati za misikiti. Walimu wa madrasa watenge nusu saa kila mwezi kufundisha haki za njia, na watoto wafanye mazoezi ya kushikana mikono, kutazama nyuma na kusimama. Kila nyumba yenye baiskeli ikague breki, kengele na taa kila Ijumaa asubuhi, wakati wa kujitayarisha kwa Swala. Mama ambaye mwanawe anabeba maji au abiria amwombee dua atokapo, kisha amwambie maneno mawili: nenda pole. Kwa kuwa majirani zetu wa Kisumu wengi wao si Waislamu, salamu ya njiani iwe ile wanayoielewa: oyawore asubuhi, oimore jioni, au habari mama, kwa sauti ya upole, kabla ya gurudumu kufika. Huo nao ni ulinganio, na pengine ndio wa pekee watakaouona kwetu siku hiyo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye mtoto wa mama yetu na aunge mfupa wake vyema, amwongoze yule kijana kurudi kutimiza haki iliyo juu yake, awalinde watoto wetu waendapo na warudipo, na atujaalie kuwa miongoni mwa waja wake wanaotembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.